Kinachozuia barafu

Mwaka 2002 lava ya volkano ya Nyiragongo ilisimama hatua 19 kutoka mlango wa koko. Koko ndivyo tunavyomwita bibi huku kwetu. Nilizihesabu hatua hizo mwenyewe, nikiwa na miaka 9, siku tuliporudi Goma kutoka Gisenyi, ng'ambo ya mpaka wa Rwanda, tukakuta sehemu ya mtaa wa Murara imegeuka jiwe. Jiwe lenyewe lilikuwa bado lina joto, na mvua iliponyesha mvuke mweupe ulipanda kila mahali. Nyumba ya jirani wa juu haikuwepo tena. Bati lake moja lilitokeza kwenye jiwe kama sikio. Nyumba ya koko ilikuwa pale pale na mlango wake wa bluu, na kufuli ambalo mjomba alilifunga tarehe 17 Januari tulipokuwa tunakimbia.

Kwa nini ilisimama pale? Koko alisema ni rozari. Mjomba alisema ni mtaro aliouchimba yeye mwenyewe wa kupitisha maji ya mvua. Mtaro uliunywa ule moto mpaka ukashiba. Jirani wa chini alisema ni ukuta wa mawe. Walibishana miaka. Mimi nilibaki na swali lenyewe, na ndilo lililonipeleka kusoma fizikia: kitu kizito kinachoshuka, ni nini hasa kinachokizuia?

Tukiwa chuoni mwalimu mmoja alituonyesha ramani ya hatari ya Nyiragongo iliyochapishwa mwaka 2009 na wanasayansi wa Italia. Goma yote ilikuwa juu ya karatasi, na rangi zilionyesha njia ambazo lava inaweza kupita. Programu waliyoitumia inaitwa DOWNFLOW, na wazo lake mtoto anaweza kulishika. Unachukua ramani ya miinuko, unamwaga lava mahali ambapo ufa unaweza kufunguka, unaiacha ifuate mteremko mkali kuliko yote. Halafu unaitikisa ramani kidogo, unapandisha hapa na kushusha pale, unamwaga tena. Unarudia mara maelfu. Pale ambapo mito mingi imepita ndipo penye hatari zaidi. Na kabla ya kuitumia kwa kesho, waliipima kwa jana: waliiuliza njia ya lava ya 2002, kwa sababu modeli isiyoweza kurudia njia iliyokwisha kupitwa haina haki ya kusema lolote juu ya njia ambayo haijapitwa. Nilitafuta mahali pa nyumba ya koko. Palikuwa ndani ya rangi.

Ramani ile haikutaja siku. Jumamosi tarehe 22 Mei 2021, jioni, Nyiragongo ilipasuka tena, na lava ikaja kusimama Buhene, si mbali na uwanja wa ndege. Siku tano baadaye, ardhi ikiwa bado inatetemeka, tukaamriwa kuhama. Kwenye barabara ya Sake, katikati ya magodoro na mbuzi na watoto waliofungwa mgongoni, mama aliniuliza: «Banasomaka nini basi, kama habawezi kusema siku?»

Aliuliza kwa uchungu, na alikuwa na haki ya kuuliza. Utafiti uliochapishwa mwaka uliofuata ulionyesha kwamba safari ile mlima ulitoa dalili chini ya saa moja tu kabla ya kupasuka. Hakuna kompyuta ambayo ingetupa siku. Lakini swali la «lini» na swali la «kupitia wapi, na likizuiwa na nini» si swali moja. La pili linaweza kujibika hata pale la kwanza linapokataa kabisa. Nilijaribu kumweleza mama hilo tukiwa njiani. Haikuwa saa yake.

Kwenye barafu niliingia kwa mlango huohuo. Ukisoma juu ya lava, mapema au baadaye unakutana na milinganyo ya Stokes ya karne ya 19, inayoeleza jinsi kitu kizito na kinachonata kinavyotiririka kwa uzito wake mwenyewe. Kitabu nilichokuwa nacho kilitoa mifano miwili tu: lava na barafu. Nilifikiri ni kosa la uchapaji. Barafu si ni jiwe? Ile ya friji ukiidondosha inavunjika. Lakini rundika barafu mpaka unene wa kilomita, uiache miaka elfu, nayo itatambaa kama uji mzito unavyotambaa kwenye sahani. Mwaka 1955 Mwingereza John Glen alichapisha majaribio yake: alikuwa amebana vipande vya barafu maabara na kupima vinavyonyumbuka. Aligundua jambo ambalo mpaka leo ndilo moyo wa karibu kila modeli ya barafu duniani. Ukiongeza msukumo mara 2, barafu hainyumbuki mara 2. Inanyumbuka takriban mara 8. Barafu ni mvumilivu mpaka inapobanwa, kisha inaachia kwa pupa.

Ngao ya barafu ya Greenland ina eneo la kama robo tatu ya Kongo yetu, na katikati unene wake unazidi kilomita 3. Nyiragongo ina mita 3,470 juu ya usawa wa bahari. Uizamishe humo, kitakachotokeza ni kilele tu. Ngao ya Antaktika inaweza kufunika Kongo karibu mara 6. Barafu yote ya Greenland ikigeuka maji, bahari za dunia zitapanda kama mita 7. Ya Antaktika, kama mita 58. Hakuna anayetarajia yote iishe katika maisha yetu wala ya wajukuu wetu, lakini asilimia 1 tu ya namba hizo ni nyumba za watu.

Sasa nieleze usiku wangu.

Kuna modeli iitwayo PISM, iliyojengwa na watu wa Chuo Kikuu cha Alaska Fairbanks pamoja na taasisi ya hali ya hewa ya Potsdam, Ujerumani. Ni ya bure. Mtu yeyote anaweza kuipakua, kuisoma ndani na kuibadilisha. Zoezi la kwanza kwenye mwongozo wake ni Greenland nzima kwa miraba ya kilomita 20, na linakubali kukimbia kwenye kompyuta ya kawaida. Yangu niliinunua ikiwa imetumika, Birere, na feni yake inalia kama nyuki kwenye debe. Niliipakua PISM usiku, wakati intaneti ni rahisi, na nilipofaulu kuiwasha nilikaa kuitazama mpaka alfajiri.

Kwenye kila mraba modeli inajua vitu vichache: mwamba wa chini uko kimo gani, barafu ina unene gani, ina baridi kiasi gani kwa kila kina, theluji kiasi gani inaanguka juu. Kutokana na hivyo inakokotoa barafu inasukumana vipi na mraba wa jirani, inahamisha kidogo, inasogeza saa mbele, inakokotoa tena. Hesabu yenyewe haina muujiza. Ni uvumilivu uliopangwa.

Lakini hairuhusiwi kuanza na leo. Hili lilinishangaza kuliko yote. Barafu ina kumbukumbu: ndani kabisa ya Greenland bado kuna baridi ya zama za barafu zilizokwisha maelfu ya miaka iliyopita, na baridi hiyo inaifanya iwe ngumu zaidi kutiririka. Kwa hiyo kabla ya kuuliza habari za mwaka 2100, unaiacha modeli iishi kwanza miaka 10,000 ili ijitengenezee mwili unaofanana na ule wa kweli. Ndani ya maisha hayo ya miaka 10,000 umeme wa mtaani kwetu ulikatika mara 4. Nilijifunza kuiagiza ihifadhi hali yake kila baada ya karne kadhaa, ili umeme ukirudi iendelee kutoka pale ilipozimika.

Nilichopata asubuhi kilikuwa Greenland na haikuwa Greenland. Umbo kubwa lilikuwepo, kilele katikati, miteremko pande zote. Lakini mito mikubwa ya barafu inayoteremka baharini, ile inayobeba sehemu kubwa ya hasara, ilikuwa imevimba na kuchelewa. Mto wa Jakobshavn, upande wa magharibi, una upana wa kilomita chache tu. Mraba wangu una kilomita 20, karibu umbali wa kutoka kwetu mpaka Sake. Jaribu kuchora Goma yote kwa mraba mmoja, ziwa na uwanja wa ndege na soko la Virunga vyote rangi moja, halafu umuulize mtu lava itapita mtaa gani. Ndiyo maana vikundi vikubwa hutumia miraba ya kilomita 1 na chini ya hapo katika sehemu nyeti, na wanahitaji kompyuta zinazojaza chumba.

Hata hivyo ukubwa wa miraba si shida kubwa zaidi. Shida kubwa ni chini. Hakuna aliyeona sakafu ambayo barafu inatelezea. Ndege zenye rada zimepita juu kwa mistari, na kati ya mstari na mstari kuna mapengo. Mwaka 2019 kundi la Mathieu Morlighem lilichapisha ramani mpya ya mwamba wa Antaktika iliyojaza mapengo hayo kwa hoja rahisi: barafu haipotei njiani. Ukijua kiasi kinachoingia na kasi ya juu, unaweza kukokotoa kina cha mfereji kinachohitajika kuipitisha. Hivyo ndivyo walivyoonyesha kwamba chini ya mto wa barafu wa Denman kuna korongo linaloshuka kilomita 3.5 chini ya usawa wa bahari.

Na utelezi wenyewe? Hapo nafikiria chukudu, baiskeli yetu ya mbao isiyo na pedali. Simama barabara ya Rutshuru asubuhi uangalie wanaume wanavyoteremka kutoka Kibumba na magunia ya shu na makala, yaani kabichi na mkaa. Mzigo unaweza kuwa uleule, mteremko uleule, lakini mmoja anakuja taratibu na mwingine anapita kama upepo. Tofauti iko chini ya mguu wake, kwenye kipande cha tairi anachokikanyaga ili kibane gurudumu la nyuma. Huhitaji kukiona kipande hicho. Ukijua mzigo na mteremko, kasi inakuambia anakanyaga kiasi gani. Wataalamu wa barafu wanafanya hivyo hivyo. Setilaiti zinapima kasi ya barafu juu, modeli inarudi nyuma na kuuliza: msuguano wa chini lazima uwe kiasi gani ili kasi iwe hii? Ni hesabu nzuri sana. Udhaifu wake ni kwamba inakupa breki ya leo. Haikuambii kipande cha tairi kitaisha lini.

Hapo narudi mwaka 2002.

Tulipokuwa bado Gisenyi, tumelala wengi kwenye uwanja wa kanisa, upande wa pili wa dunia kulikuwa kunatokea jambo ambalo nililijua miaka mingi baadaye. Kwenye rasi ya Antaktika, bapa la barafu linaloelea liitwalo Larsen B lilianza kuvunjika mwisho wa Januari 2002. Katika muda wa takriban siku 35, kilomita za mraba 3,250 za barafu zilikuwa vipande. Sikuamini nilipoona tarehe. Lava ilikuwa bado ina joto mlangoni kwa koko.

Barafu inayoelea ikivunjika haipandishi bahari kwa kiasi cha kutisha, kwa sababu uzito wake umekwisha kubebwa na maji, sawa na kipande cha barafu kwenye glasi. Kwa hiyo mtu angeweza kusema: imevunjika, basi. Lakini nyuma ya Larsen B kulikuwa na mito ya barafu iliyokanyaga mwamba, na baada ya bapa kuondoka mito hiyo iliongeza kasi mara kadhaa. Bapa lilikuwa limeegemea kingo za ghuba na visiwa vya chini, likisukuma nyuma. Lilikuwa breki. Wataalamu walikuwa wamebishana miaka mingi kama breki hiyo ipo kweli au ni nadharia tu. Ubishi ule uliisha kwa wiki tano.

Kundi la wanasayansi la Umoja wa Mataifa, IPCC, lilipotoa ripoti mwaka 2007, makadirio yake ya bahari mpaka mwisho wa karne, sentimita 18 hadi 59, yaliacha nje mabadiliko ya ghafla katika mtiririko wa barafu. Waliandika waziwazi kwamba wameyaacha, kwa kuwa modeli za wakati ule hazikuweza kuyabeba. Naiheshimu sana sentensi ile. Ni wachache wanaochora ramani na kuandika juu yake: hapa hatujafika.

Tangu hapo kazi imekuwa kubwa. Mahali muhimu kuliko pote ni pale barafu inapoacha kukanyaga mwamba na kuanza kuelea; mimi napaita mstari wa kukanyaga. Magharibi mwa Antaktika, mwamba uko chini ya usawa wa bahari na unazidi kushuka kadiri unavyoingia ndani ya bara. Mstari ukirudi nyuma kidogo, unakuta kina kikubwa zaidi, barafu nene zaidi, na barafu nene humwagika haraka zaidi, hivyo mstari unarudi tena. John Mercer alionya juu ya sehemu hiyo mwaka 1978, na watu wengi walimwona anatia chumvi. Leo mto wa Thwaites, ambao barafu yake peke yake ingepandisha bahari kama sentimita 65, uko mdomoni mwa kila mtu katika fani hii.

Je, modeli zinakubaliana? Hapana. Mradi uitwao ISMIP6 uliwapa vikundi vingi masharti yaleyale, na matokeo yake ya mwaka 2020 kwa Antaktika, dunia ikizidi kupata joto kali, yalianzia kushusha bahari karibu sentimita 8 mpaka kuipandisha sentimita 30 ifikapo 2100. Kushusha, ndiyo: hewa yenye joto hubeba mvuke mwingi zaidi, na theluji nyingi zaidi huanguka katikati ya bara. Ripoti ya IPCC ya mwaka 2021 ilijumlisha yote, bahari nzima, kuwa itapanda kati ya sentimita 28 na mita 1 hivi ifikapo mwisho wa karne, ikaongeza kwamba karibu mita 2 haziwezi kuondolewa hesabuni kwa sababu ya barafu. Nimesikia watu wakicheka upana huo. Mimi siwezi kucheka. Aliyepewa ramani yenye upana anaweza kujenga juu zaidi. Aliyepewa namba moja ya uongo anajenga mlangoni kwa lava.

Watu huniuliza, na si kwa ubaya, mtoto wa Goma anatafuta nini Antaktika wakati mji wake umeona vita na kambi. Nina majibu mawili. La kwanza ni nyumbani kabisa: Kongo ina barafu yake. Koko alizaliwa Mutwanga, chini ya Ruwenzori, na neno lake la theluji lilikuwa nzururu. Siku mawingu yakifunguka waliiona inang'aa asubuhi. Mwaka 1906 barafu ya milima ile ilifunika zaidi ya kilomita za mraba 6. Mwanzoni mwa karne hii zilikuwa zimebaki kama 1. La pili ni la wote wanaosoma lugha hii. Ngao ya barafu ni nzito kiasi kwamba inavuta bahari kuielekea. Ikipungua, mvuto unapungua, maji yanaondoka pale na kwenda mbali. Greenland ikiyeyuka, bahari iliyo jirani nayo inashuka, na pwani za huku kwenye joto zinapata zaidi ya wastani. Huku ndiko Muanda, mlango wetu mdogo wa bahari wa kilomita 40 hivi. Huku ndiko Lamu, na Mombasa, na Unguja.

Mwezi uliopita mama alikuja kukaa nami. Jioni alikuwa anachambua sambaza, samaki wadogo wa ziwa letu, mezani na mimi niko kwenye kompyuta, akauliza tena, safari hii kwa utulivu: «Papa, hiyo barafu yako, utasema siku?»

Nikamwambia hapana, mama. Nikamweleza jaribio moja la mwaka 2020 ambalo nalipenda kuliko yote. Vikundi kadhaa viliondoa kwenye modeli zao mabapa yote yanayoelea kuzunguka Antaktika, kwa mara moja, na kuyazuia yasirudi. Hakuna aliyesema hilo litatokea. Walitaka kujua breki ina thamani gani. Baada ya miaka 500 ndani ya kompyuta, bahari ilikuwa imepanda kati ya mita 1 na mita 12, kwa kutegemea modeli.

Alinyamaza, vidole vinaendelea. Halafu: «Na hiyo breki, ni nini iko inaikula?»

Nilimwambia ni maji. Hewa ya juu mara nyingi bado ni ya baridi. Kinachokula bapa kinatoka chini. Kuna maji ya bahari ya kina yenye joto kidogo tu, nyuzi moja au zaidi kidogo juu ya sifuri, ila yana chumvi nyingi na kwa hiyo ni mazito. Yanakaa chini ya maji baridi. Huwezi kuyaona ukiwa juu. Yanafuata mabonde ya sakafu ya bahari, na bonde likiwa na kina cha kutosha yanaingia mpaka chini ya barafu.

Mama aliacha samaki. Kila mtu wa huku anajua mabonde ya upande wa Mugunga na Bulengo, ambako hewa nzito inatoka ardhini na kujilaza chini bila rangi wala harufu, na asubuhi unakuta mbuzi amekufa kwenye shimo wakati nyasi za ukingoni zinapepea vizuri. Alipokuwa msichana alikatazwa kukata kuni huko.

«Kumbe ni mazuku,» alisema.

Nilifungua faili ya sakafu ya bahari, ile ambayo nilikuwa nimeitumia miezi yote bila kuitazama vizuri, na kiti chake akakisogeza karibu. Tulianza kutafuta mabonde.